Waliotoka Kwenye Picha: Mapenzi, Vita na Mto Ulanga

Kila tukikutana na kazi ya sanaa tumezoea kuuliza: inamzungumzia nani, na wasiozungumziwa wamekwenda wapi? Katika makala haya nataka kuliuliza swali hilo mbele ya filamu, tena filamu ya mapenzi. Wapo wenzangu watakaosema filamu si fasihi, tuwaachie watu wa Sanaa za Maonyesho. Sawa, lakini filamu nitakayoanza nayo imetokana na riwaya, na historia inayodai kuisimulia ni ya mkoa niliozaliwa. Kwa hiyo naomba ndugu msomaji anivumilie.

Filamu hiyo ni The African Queen. Ilitoka mwaka 1951, mwongozaji wake ni John Huston, na wachezaji wakuu ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Riwaya yake iliandikwa na C. S. Forester mwaka 1935. Kisa ni chepesi kukisimulia. Ni mwaka 1914, katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, yaani hapa hapa petu. Askari wa Kijerumani wanaingia kijiji cha misheni, wanatia moto nyumba na kuwaswaga wanakijiji. Mmisionari Mwingereza anapigwa, homa inampanda, anakufa. Dada yake, Rose, anaokolewa na Charlie Allnut, fundi mpenda pombe mwenye mashua kuukuu ya mvuke. Wawili hao wanateremka mto wenye maporomoko hadi ziwani, nia yao kuizamisha meli ya vita ya Wajerumani. Njiani wanapendana. Wanaponea risasi, ruba, homa na matete, na mwishoni wanaozwa na nahodha aliyekwisha kuamuru wanyongwe. Bogart alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na kusema kweli aliistahili.

Mto wanaouteremka unaitwa Ulanga.

Hapo ndipo mimi mtu wa Mikumi niliposimamisha mkanda. Ulanga! Ukitoka Mikumi ukashika barabara ya Ifakara, unapita Kidodi, unavuka Ruaha pale Kidatu, unaendelea hadi ufike kwenye mto huo ambao wengi tunauita Kilombero. Wilaya ya Ulanga imepewa jina lake. Nao mto wenyewe hauendi ziwani hata kidogo. Unakutana na Luwegu, wanakuwa Rufiji, na safari yao inaishia Bahari ya Hindi. Charlie na Rose wangeuteremka Ulanga wa kweli wangetokea kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, ambako manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha tangu mwaka 1914 mpaka Waingereza walipoiangamiza Julai 1915. (Manowari hiyo nayo ina sinema yake, Shout at the Devil ya mwaka 1976, ambayo ni kelele tupu.) Meli ya Forester asili yake ni Ziwa Tanganyika: ni Graf von Götzen, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 isiangukie mikononi mwa adui, ikaja kuibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba. Picha zenyewe zilipigwa Uganda na Kongo ya Wabelgiji. Basi tuna jina la mto wa Morogoro, maji ya Uganda na Kongo, meli ya Kigoma, na mahaba ya wageni.

Sina ugomvi na uongo wa jiografia. Msanii anayo ruhusa ya kuuhamisha mto. Ugomvi wangu uko kwenye zile dakika za mwanzo. Wanakijiji wanaswagwa, moshi unafuka, kisha wanatoka kwenye picha na hawarudi tena. Hakuna anayewauliza, si Rose, si Charlie, si mwongozaji. Na ukitazama vizuri utaona kwamba lazima watoke ili mapenzi yaanze. Mahaba ya aina hii yanadai watu wawili na pori tupu: mamba, mbu, maporomoko, na machweo mazuri. Ndiyo maana pori la sinema linaitwa pori hata pale penye mashamba ya watu.

Sasa hebu tuwafuate hao waliotoka. Walikuwa wakipelekwa wapi?

Kwetu Kilosa jibu linajulikana vizuri. Mwaka 1914 Kilosa ulikuwa mji wa boma na stesheni. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka huo huo, na mashamba ya pamba ya Wajerumani yalikuwa yameenea upande wa Mto Mkondoa. Kwa miaka miwili vita ilikuwa mbali, kaskazini huko, ikasikika kama mvua inayonyesha kwa jirani. Lakini hata mvua ya jirani ilidai watu. Maakida na majumbe waliagizwa watoe vijana wa kubeba mizigo, nao wakawatoa. Kisha mwaka 1916 Jenerali Smuts akaja na majeshi yake kutoka kaskazini. Vikosi vya Van Deventer vikapita Kondoa, vikashika reli Dodoma mwishoni mwa Julai, vikapita Mpwapwa, na tarehe 22 Agosti 1916 vikaingia Kilosa. Siku nne baadaye Morogoro nayo ikaanguka. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka wakivunja madaraja ya reli nyuma yao. Mapigano yakashuka kusini kwa upande wa Ulaya na Kidodi kuelekea Ruaha. (Ndiyo, Ulaya. Kilosa tunayo Ulaya yetu, na msomaji asiyejua asicheke. Ni moja kati ya kejeli za historia kwamba watu wa Ulaya ile kubwa walikuja kupigania hadi Ulaya hii ndogo.)

Smuts aliondoka Januari 1917 akiiambia dunia kwamba kazi karibu imekwisha. Haikuisha mpaka Novemba 1918.

Jambo ambalo sinema haiwezi kulionyesha kirahisi, maana halina mlipuko, ni hili: vita hii haikubebwa na farasi wala magari. Farasi walikuja kwa maelfu kutoka Afrika ya Kusini, wakafa kwa maelfu kwa ndorobo na magonjwa ya farasi. Magari yalizama kwenye tope. Reli ilikatwa. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Tufanye hesabu ya darasa la nne. Mpagazi mmoja amebeba kilo 25 za unga, naye anakula kilo moja kwa siku. Kambi iko mbali safari ya siku kumi. Kwenda amekula kumi, kurudi atakula kumi nyingine, na jeshi limepata kilo tano. Kambi ikisogea siku mbili na nusu mbele, mpagazi huyo anakula mzigo wake wote na jeshi halipati kitu. Dawa ya hesabu hiyo ilikuwa moja tu: ongeza watu, na wakizidi kula, wapunguzie posho. Ndivyo ilivyofanyika. Upande wa Waingereza peke yake waliandikishwa wapagazi wapatao milioni moja, na wanahistoria wengi hukadiria waliokufa kuwa karibu 100,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa. Wapo waliokufa kwa sababu walipewa unga wa mahindi usiochekechwa, hawana sufuria wala muda wa kuusonga mpaka uive, na matumbo yao yalizoea ndizi au mtama. Upande wa Wajerumani hata hesabu iliyowekwa haitoshi kutuambia chochote cha kuaminika.

Kumbukumbu yao ni soko. Dar es Salaam ilipotekwa Septemba 1916, kikosi cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, kiliweka kambi pale tunapopaita Kariakoo. Tunanunua nyanya na mitumba juu ya jina la jeshi la wapagazi, na wenye kulijua hilo ni wachache.

Naam, mtu ataniuliza: mapenzi yako wapi katika unga na kuhara? Huo ndio moyo wa hoja yangu. Mapenzi yalikuwamo, tena mengi. Safari za jeshi la Lettow-Vorbeck hazikuwa za wanaume watupu. Wake wa askari walifuatana nao, na watoto, na maboi wa kuwachukulia bunduki na vyombo. Wanawake walipika, walitwanga, walibeba, walizaa njiani, na safari haikungoja. Kwa sinema ya Huston, kusalimika ni mambo ya wawili: wewe na mimi tukipona, dunia imepona. Kwa watu wa Usagara na Ugogo, kusalimika lilikuwa jambo la ukoo. Unapona, lakini kwa chakula cha nani? Anayekwenda abebe badala ya nani? Wagogo, majirani zetu wa upande wa magharibi, waliipa njaa iliyofuata jina la Mtunya. Majeshi yote mawili yalipita pale yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana, kisha mvua ikakataa. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya watano alikufa. Wapo wazazi waliowaweka watoto wao rehani kwa wenye chakula, ili mtoto ale na wazazi wapate kibaba. Fikiria binti wa miaka kumi na mitano katika hali hiyo. Kijana aliyemtaka amechukuliwa kubeba mizigo na hajulikani alipo. Yeye mwenyewe amekwenda nyumba ya watu kwa debe la mtama. Hiyo nayo ni hadithi ya mapenzi na kusalimika wakati wa vita, na haihitaji mashua. Tatizo lake ni kwamba shujaa wake hafanyi kitu ambacho kamera imezoea kukiita ushujaa. Anangoja, anatwanga, anakula kidogo, anabaki hai.

Hapa lazima niwe mkweli juu ya fasihi yetu wenyewe, tusije tukamlaumu Huston peke yake. Kiswahili kimeandika vita. Tunao utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji, tunayo Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), tunao Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert juu ya vita ya 1939 hadi 1945. Lakini utenzi hupenda majemadari na mataifa, na tamthilia ya Hussein ilikuwa na kazi nyingine ya kuuliza juu ya imani na umoja. Kijana asiye na cheo, anayependa na kuogopa, hakupata nafasi kubwa. Nadhani kizazi kilichotutangulia kiliyaona mapenzi kuwa mambo ya vitabu vya stendi, na vita kuwa mambo ya taifa, wakaviweka vyumba tofauti. Sikubaliani nao.

Aliyebomoa ukuta huo ni Abdulrazak Gurnah, aliyetunukiwa Nobel mwaka 2021, na nasikitika kidogo kwamba alifanya hivyo kwa Kiingereza. Riwaya yake ya mwaka 1994, ambayo tangu 2022 tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, inamfuata kijana Yusuf aliyetolewa na baba yake kufidia deni. Anakua, anasafiri bara, anampenda Amina asiyeweza kumpata, na ukurasa wa mwisho unamwacha akiukimbilia msafara wa jeshi la Wajerumani. Zingatia mahali hapo, ndugu msomaji. Yusuf anatoka kwenye picha pale pale wanapotokea wanakijiji wa The African Queen: nyuma ya jeshi, kwenye vumbi. Miaka ishirini na sita baadaye Gurnah akaandika Afterlives (2020), na nionavyo mimi kitabu hicho chote ni jibu la swali: kijana yule aliyekimbilia jeshi ilikuwaje? Sasa anaitwa Hamza. Anajiunga mwenyewe na kujuta mapema, anatumikia afisa anayemfundisha Kijerumani, anajeruhiwa na Mjerumani wa upande wake mwenyewe, anarudi pwani akichechemea. Huko anampenda Afiya, binti ambaye mkono wake ulivunjwa na mlezi kwa kosa la kujua kuandika. Mapenzi yao yanakwenda polepole mno. Mwenzangu mmoja wa bwenini alikirudisha kitabu akidai hakina "stimu". Jamani! Wawili hawa wamevunjwa mwili, na mwandishi anawapa muda wa kuzoea kuguswa bila kuumizwa. Kwangu mimi kurasa hizo zina hatari kuliko maporomoko yote ya Huston, kwa sababu tunajua wamepona na hatujui kama wataweza kuishi.

Katika Afterlives yumo pia Ilyas, kaka yake Afiya, anayepotelea Ujerumani. Wahakiki wengi wamemfananisha na mtu wa kweli, na hapa historia inatuletea filamu ambayo hakuna mtunzi angethubutu kuibuni.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baadaye alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani. Vita ilipoanza, mtoto huyo wa miaka kumi aliingia jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, akatekwa na Waingereza, akabaki mfungwa hadi vita ikaisha. Alikuwa na miaka kumi na minne, na alikuwa amesalimika. Baadaye akafanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara ya jeshi, yake na ya baba yake. Serikali ikamjibu kwamba amechelewa. Akabaki huko huko: mhudumu wa mkahawa, mwalimu msaidizi wa Kiswahili chuoni Berlin, na mchezaji wa sinema.

Sinema gani? Mwaka 1934 alicheza katika Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, yaani wapanda farasi wa Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, filamu ya vita hii hii tunayoizungumzia, yenye mkulima wa Kijerumani, mke wake na rafiki Mwingereza. Riwaya iliyozaa filamu hiyo ilikuwa na jina la Kiswahili: Kwa Heri. Angalia kinaya kilichopo. Mtu aliyekuwamo vitani kwa mwili wake, akiwa mtoto, anaajiriwa kusimama nyuma ya mahaba ya watu wengine katika vita ile ile, naye hajalipwa mshahara wa vita yenyewe. Kati ya wale waliotoka kwenye picha, huyu alirudi ndani kwa mlango wa uani.

Na filamu yake ya mwisho inaturudisha Kilosa. Mwaka 1941 mwongozaji yule yule, Herbert Selpin, alitoa Carl Peters, ya kumtukuza mtu aliyepita nchi ya Usagara mwishoni mwa mwaka 1884 na karatasi zake za mikataba. Usagara ndiyo Kilosa hii. Katika karatasi hizo mmoja wa waliotia alama ameandikwa Muinin Sagara, na kwa nguvu ya karatasi za namna hiyo Kaisari alitoa hati ya ulinzi Februari 1885. Usagara wa Selpin ulijengwa Ulaya, ile kubwa, wakati wa vita nyingine. Husen akapewa nafasi ya Ramasan, mwongoza njia wa Peters: Mtanganyika akimwonyesha mzungu njia ya kwenda kuichukua Tanganyika, kwenye nchi ya maboksi.

Sasa mapenzi. Husen alikuwa na mke Mjerumani waliyeoana Januari 1933, siku chache kabla mambo ya Ujerumani hayajageuka. Baada ya kazi ya Carl Peters alishitakiwa kwa siri kwamba ana uhusiano na mwanamke mwingine, mzungu. Sitamtetea kwa mke wake. Hilo ni la nyumba yao. Lakini kosa alilokamatiwa mwaka 1941 halikuwa kumkosea mke. Liliitwa kuchafua damu. Hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Mwaka 2007 kiliwekwa kijiwe chenye bamba la shaba na jina lake, barabarani Berlin, mbele ya nyumba aliyokaa. Vita ya 1914 ilimwacha hai akiwa mtoto. Kilichomuua akiwa mtu mzima ni mapenzi, ambayo kwenye sinema alizocheza yalikuwa haki ya wenzake.

Sasa wenzangu wa idara mbalimbali wananiambia filamu ya vijana wa Kilosa wa mwaka 1916 haiwezekani, eti hatuna fedha za manowari na farasi. Lakini nani kasema tunahitaji farasi? Farasi walikufa. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, imekwisha kutuonyesha kwamba mapenzi na siasa ya ukoloni vinaweza kukaa chumba kimoja, tena kwa Kiswahili na bila milipuko mingi. Kwa hadithi yetu ninachokiona ni kipande cha reli kilichokatika kando ya Mkondoa, msururu wa vijana wenye magunia kichwani, na binti mmoja anayehesabu vichwa vinavyopita. Kamera isiwafuate askari. Ibaki naye mpaka kichwa cha mwisho, na msururu ukiisha kupita, tumsikie anaanza kutwanga.